Kiingilio cha bibi anayeshika mabegi

Juma lililopita nilipata barua fupi ya msikilizaji mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam. Ana dada yake anayeishi Los Angeles, Marekani, mama wa watoto watatu, ambaye kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Dada huyo amemwandikia kwamba mwaka huu tena watoto hawatakwenda Disneyland, ingawa kutoka kwao hadi huko ni mwendo wa gari usiofika saa moja. Bei imemshinda. Msikilizaji wangu anashangaa: mtu yuko Marekani, ana kazi, analipwa dola, halafu anashindwa kuwapeleka watoto kwenye mabembea? Au ni visingizio tu vya watu walioko ng'ambo?

Si visingizio, ndugu yangu. Hesabu za dada yako ni sahihi, na zina historia ya miaka 70. Leo nitaisimulia, maana ndani yake mna swali lisilowahusu Wamarekani peke yao: mahali pa kufurahia familia pakishakuwa biashara kubwa, ni nani anayebaki nje ya geti?

Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 katika mji wa Anaheim, karibu na Los Angeles, mahali palipokuwa mashamba ya michungwa. Mwenyewe alikuwa Walt Disney, mtengenezaji wa filamu za katuni, yule wa panya Mickey. Ujenzi ulimeza kiasi cha dola milioni 17. Disney alipenda kueleza kwamba wazo lilimjia siku alizokuwa akiwapeleka binti zake wawili katika bustani ya Griffith Park. Watoto walipanda farasi wa mbao wanaozunguka, baba akabaki kwenye benchi akitafuna karanga. Akajiuliza: kwa nini pasiwe na mahali ambapo mzazi na mtoto wanafurahi pamoja? Kwa hiyo tangu mwanzo bidhaa iliyouzwa pale ilikuwa ni familia kukaa pamoja siku nzima. Mabembea yalikuwa chombo tu cha kuwaweka pamoja.

Siku ya ufunguzi ilikuwa vurugu tupu. Watu waliingia kwa maelfu na tikiti bandia, na mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa haba kwa sababu mafundi bomba walikuwa wamegoma. Hayo yalipita. Kinachotuhusu ni bei. Mtu mzima alilipa dola 1 getini, mtoto senti 50. Kuegesha gari senti 25. Ukishaingia, kila mchezo ulikuwa na bei yake, kati ya senti 10 na 35.

Msikilizaji atasema, mbona ilikuwa bure! Tusiharakishe. Wakati ule kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani kilikuwa senti 75 kwa saa, na kilifika dola 1 mwezi Machi 1956. Kwa mfanyakazi wa kima cha chini, kuvuka geti peke yake ilikuwa ni jasho la saa moja na dakika ishirini, kabla mtoto hajapanda kitu chochote. Watu walilalamika kwamba ni ghali. Walikuwa wamezoea mambo mengine.

Walizoea nini? Walizoea Coney Island, ufukwe maarufu wa New York. Treni za mjini zilipofika huko mwaka 1920, kibarua aliweza kwenda na wanawe kwa nauli ya senti 5 kila mmoja, akaoga baharini, akatembea, akatazama watu, akanunua furaha kwa kadiri ya mfuko wake. Hata jirani ya Disneyland kulikuwa na mfano. Pale Buena Park, mwendo mfupi tu wa gari, familia ya Knott ilikuwa na shamba la matunda lililogeuka kuwa mkahawa wa kuku wa kukaanga, na baadaye kijiji cha maonyesho. Mahali pale, Knott's Berry Farm, mtu aliingia bila kulipa hata senti moja. Uzio na kiingilio vilikuja mwaka 1968, na hata hapo kilikuwa senti 25 tu.

Disney yeye alitaka geti. Alitaka bustani safi, isiyo na walevi na wazururaji, na aliamini kiingilio kingewachuja. Hapa lazima niseme jambo ambalo watu wanaosimulia historia ya burudani Marekani hulikwepa. Geti katika nchi ile halikuwa kitu kisicho na kumbukumbu. Katika miaka hiyo hiyo bustani nyingi za michezo zilikuwa na geti lisilouliza pesa, liliuliza rangi ya ngozi. Glen Echo, karibu na Washington, iliwafungulia watu weusi mwaka 1961, baada ya wanafunzi kuandamana na kukamatwa mwaka uliotangulia. Gwynn Oak, karibu na Baltimore, ilifungua tarehe 28 Agosti 1963, siku ile ile ya maandamano makubwa ya Washington. Na Martin Luther King, alipoandika barua yake akiwa gerezani Birmingham mwezi Aprili 1963, kati ya machungu yote aliyoweza kuyataja alitaja hili: kumweleza binti yake wa miaka 6 kwamba haruhusiwi kwenda Funtown, bustani ya watoto aliyoiona ikitangazwa kwenye televisheni. Kwa nini mtu mzito kama yule, katika waraka mzito kama ule, azungumzie mabembea? Kwa sababu alijua kwamba hapo ndipo mtoto anapojifunza kwa mara ya kwanza kwamba dunia ina watu wa ndani na watu wa nje.

Sisemi kwamba bei ni sawa na ubaguzi wa rangi. La hasha. Mwenye pesa akilipa anaingia, awe nani. Nasema tu kwamba mzazi anayemweleza mtoto kwa nini hawaendi, anafanya kazi ngumu, iwe sababu ni hii au ile.

Turudi Anaheim. Malalamiko yalisikika, na mwezi Oktoba 1955, miezi mitatu tu baada ya ufunguzi, kampuni ilileta kitabu cha tikiti: dola 2.50 kwa mtu mzima, kiingilio pamoja na michezo 8. Tikiti zilikuwa na herufi. A ilikuwa ya vitu vidogo, B na C vya kati. Mwaka 1956 ikaja D, na mwaka 1959 ikaja E, kwa ajili ya vitu vikubwa kama vile magari ya kuteremka mlima wa bandia wa Matterhorn, nyambizi, na treni ya reli moja. Wamarekani wakaanza kuita kitu chochote cha kusisimua "tikiti ya E". Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Kimarekani kwenda angani, mwaka 1983 aliifananisha safari ya roketi na tikiti hiyo hiyo.

Mimi naupenda mfumo ule wa herufi, na nitaeleza sababu. Tikiti za E ziliisha mapema, za A zilibaki. Familia zilirudi nazo nyumbani, zikalala kwenye droo kwa miaka, na safari ijayo zikatumika. Lakini sababu kubwa ni bibi. Katika kila msafara wa familia yuko bibi, au shangazi, au mama mwenye mtoto mchanga mgongoni, ambaye hapandi kitu. Anashika mabegi. Anakaa kivulini na chupa ya maji, anawapungia mkono wajukuu wanapopita juu wakipiga kelele. Chini ya mfumo ule, bibi alilipa kiingilio peke yake, basi. Kijana wa miaka 15 mwenye kiu ya kasi alinunua E moja baada ya nyingine. Kila mtu alilipa kwa kadiri ya alichokula. Familia iliyobanwa iliweza kuingia, ikapanda vitu viwili, ikala mikate yake, ikarudi nyumbani ikiwa imekwenda Disneyland kama wengine.

Wachumi waliliona fumbo hili. Mwaka 1971 mchumi Walter Oi aliandika makala iliyopata umaarufu vyuoni, akiuliza mwenye bustani afanye nini: atoze kiingilio kikubwa na michezo iwe rahisi, au geti liwe rahisi na michezo iwe ghali? Wateja wote wakiwa sawa, alionyesha, inafaa kukamua getini. Lakini wateja si sawa, na hapo hesabu inageuka ngumu. Yule bibi ndiye ugumu wenyewe.

Biashara ilichagua kukamua getini. Six Flags ya Texas, iliyofunguliwa mwaka 1961, ilianza na bei moja: lipa mara moja, panda mpaka uchoke. Wengine wakafuata. Mwezi Juni 1982 Disneyland nayo ikaachana na vitabu vya tikiti, ikawa na tikiti moja ya dola 12. Watu walifurahi. Hakuna tena kuhesabu karatasi, hakuna mtoto kulia kwamba E imekwisha. Bibi tu ndiye aliyejikuta analipa sawasawa na kijana wa miaka 15.

Hebu sasa tushike kalamu. Mwaka 1955, kitabu cha dola 2.50 kilimgharimu mfanyakazi wa kima cha chini saa 3 na dakika 20 za kazi. Mwaka 1982 kima cha chini kilikuwa dola 3.35, kwa hiyo tikiti ya dola 12 ilikuwa kazi ya saa 3 na nusu hivi, na sasa michezo haina idadi. Kwa miaka 27 bei haikumkimbia mfanyakazi hata kidogo! Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote katika habari hii. Ile Disneyland ya zamani wanayoilalamikia watu wa makamo huko California si ndoto ya uzeeni, ni hesabu.

Na sasa? Mwezi Oktoba 2025 tikiti ya siku moja ilianzia dola 104 kwa siku zilizopooza ikapanda hadi dola 224 kwa siku zinazopendwa. Kima cha chini cha California mwaka huo kilikuwa dola 16.50 kwa saa, na hicho ni kikubwa, kwani kile cha serikali kuu kimekwama kwenye dola 7.25 tangu mwaka 2009. Kwa kipimo cha California, tikiti ya chini ni saa 6 na robo, na ya juu ni saa 13 na nusu, kabla ya kodi. Kwa kipimo cha serikali kuu, ya juu ni karibu saa 31. Msidanganywe na hoja ya mfumuko wa bei: dola 12 za mwaka 1982 ni kama dola 40 za mwaka 2025.

Ilikuwaje? Mwaka 1984 kampuni ya Disney ilivamiwa na mlanguzi wa hisa aliyetaka kuinunua na kuikatakata. Ilimlipa aondoke, na mwaka huo huo wakaja viongozi wapya, Michael Eisner na Frank Wells. Hao waligundua jambo ambalo waliotangulia walikuwa wakiliogopa kulijaribu: unaweza kupandisha bei na watu bado wakaja. Tangu hapo kila uongozi umejaribu tena, na kila mara watu wamekuja. Mwaka wa fedha wa 2024 tawi la kampuni linaloshughulikia bustani, meli na bidhaa lilipata faida ya zaidi ya dola bilioni 9, zaidi ya nusu ya faida ya shughuli zote za kampuni. Filamu na televisheni zinategemea bembea.

Wenye kampuni wana utetezi, na si wa kipuuzi. Wanasema eneo ni lile lile, watu ni wengi, bei isipopanda pasingekanyagika. Kweli. Lakini bei haimwondoi asiyependa sana, inamwondoa asiyekuwa nacho. Tena mwaka 2016 walianza kuuza kwa kalenda: siku zilizopooza dola 95, za kawaida 105, za msongamano 119. Kwa maneno mengine, ukitaka nafuu njoo Jumanne katikati ya muhula. Nani anaweza kuja Jumanne katikati ya muhula? Wasio na watoto, na wastaafu. Mzazi mwenye watoto wa shule amefungwa kamba na kalenda ya shule, na siku zake ndizo za bei ya juu. Bustani iliyobuniwa kwa ajili ya mzazi na mtoto imepanga bei ambayo inawauma mzazi na mtoto kwanza. Baba, mama na wawili wa shule, katika siku ya juu kabisa, ni zaidi ya dola 800 getini, bado petroli, maegesho na chakula.

Halafu kuna foleni. Zamani foleni ilikuwa ya wote. Mwaka 1999 walileta utaratibu wa kuchukua kikaratasi cha kurudi saa fulani na kupita njia ya haraka, bila malipo. Mwaka 2021 njia ya haraka ikawa ya kulipia, dola 20 kwa kila mtu kwa siku pale California. Mwaka 2024 ikaja ya wakubwa zaidi, ambayo ilipoanza ilikuwa dola 400 kwa mtu mmoja kwa siku moja, juu ya kiingilio. Sisi tuliopanga foleni za sukari na sabuni miaka ya 1980 tunazijua foleni. Foleni inachosha, lakini mtu huvumilia. Kisichovumilika ni kuwaona wenzako wakitoka mlango wa nyuma na vifurushi. Wenzetu mlango wa nyuma wameuweka mbele, wakautundikia bei.

Lipo na la kwetu hasa. Kampuni hiyo hiyo ina bustani nyingine Florida, iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwezi Aprili 1998. Ndani yake wamejenga mji wa bandia wa Afrika Mashariki, wenye kuta za chokaa zilizochakaa kwa makusudi, kwa mfano wa Lamu. Wahudumu wanakuamkia "Jambo", na kuna kibanda cha vitafunio kiitwacho Tamu Tamu. Jina la mji huo ni Harambe. Kwetu harambee ni kila mtu kutoa alichonacho, mwenye kuku kuku, mwenye shilingi shilingi, ili jambo la wote liende. Kuingia Harambe ile ya Florida, mwaka 2025, kulianzia dola 119 kwa kichwa.

Familia zimefanya nini? Wengi wamepunguza: waliokuwa wakienda kila mwaka wanakwenda mara moja mtoto akiwa na umri wa kukumbuka, na siku tatu zimekuwa moja. Wakazi wa California wanaweza kununua tikiti ya mwaka na kuilipa kila mwezi kama kodi ya nyumba. Wengine wanakopa. Uchunguzi wa kampuni ya LendingTree wa mwaka 2024 ulikuta kwamba kati ya waliokwenda bustani za Disney wakiwa na watoto wa chini ya miaka 18, asilimia 45 walikuwa wameingia deni kwa ajili ya safari hiyo. Siwacheki. Mzazi anayekopa kwa ajili ya bembea hanunui bembea, ananunua kutokumweleza mtoto.

Ila si kila mwenye bustani anaweza kuiga. Mwaka 2022 Six Flags, wale wale wa bei moja ya mwaka 1961, walipandisha bei na kufuta punguzo kwa makusudi. Mkuu wao mpya, Selim Bassoul, alilalamika hadharani kwamba bustani zake zilikuwa zimegeuka mahali rahisi pa kuwaangalizia watu vijana wao wakati wa likizo. Aliwataka wateja wenye uwezo zaidi. Matokeo? Wageni walipungua kutoka milioni 27.7 mwaka 2021 hadi takriban milioni 20 mwaka 2022. Kila aliyeingia alitumia zaidi, lakini mapato yote kwa jumla yalishuka. Wale vijana walioonekana ni mzigo walikuwa na kaka, dada na wazazi, na walipoondoka waliondoka nao. Mwezi Julai 2024 Six Flags iliungana na kampuni ya Cedar Fair, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimiliki Knott's Berry Farm, lile shamba la matunda lisilokuwa na uzio.

Hata Disney wameanza kulegeza kidogo. Mapema mwaka 2024, kuanzia Januari hadi tarehe 10 Machi, waliuza tikiti ya watoto wa miaka 3 hadi 9 kwa dola 50 kwa siku. Shule zilikuwa zimefunguliwa. Aliyetimiza miaka 10 alihesabiwa mtu mzima, na bibi, kama alitaka kwenda kushika mabegi, alilipa bei kamili.